Somo la Matamshi Huanzia Sikioni

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunikaribisha. Ratiba imeandika mada mbili: kufundisha matamshi ya Kiingereza, na kufundisha usikilizaji, kwa wanafunzi wanaoanza sekondari. Nitaomba ruhusa niziunganishe, kwa sababu kuzitenganisha ndiko kunakotupotezea muda mwingi darasani.

Tuanze na maneno manne: “hat”, “hut”, “heart” na “hurt”. Katika Kiingereza cha Uingereza hizo ni irabu nne mbalimbali. Mwanafunzi aliyelelewa na Kiswahili, lugha yenye irabu tano tu, huzisikia zote nne kama “a” moja. Sasa mwalimu anasema, “Rudieni baada yangu: hurt.” Mwanafunzi anasema “hat”. Mwalimu anasema, “Hapana, hurt.” Mwanafunzi anasema tena “hat”, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu anadhani mtoto ana ulimi mzito. Mtoto naye anashangaa anakosolewa kwa nini, maana amerudia kile kile alichosikia. Ulimi wake hauna kasoro. Tofauti tunayomdai aitamke haijamfikia.

Kwa nini haijamfikia? Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa lugha angefaidika kuujua. Waliwachunguza watoto wachanga kutoka familia zinazozungumza Kiingereza. Watoto wa miezi sita hivi waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wazungumzaji wa Kiingereza huona ugumu kuzitofautisha. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio la binadamu hujifunza mapema kupitisha tofauti zenye kazi katika lugha ya nyumbani na kuzizuia zilizobaki, kama chekeche. Mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu anapoingia darasani kwako, chekeche hilo limekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka kumi. Tumvumilie basi. Asiposikia tofauti kati ya “ship” na “sheep”, hafanyi mzaha wala hana uvivu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sikio linafundishika hata baada ya utoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la watafiti nchini Marekani, akiwemo David Pisoni, liliwafundisha wazungumzaji wa Kijapani kutofautisha “r” na “l” za Kiingereza, tofauti ambayo ni mtihani mkubwa kwao. Waliwasikilizisha jozi za maneno zilizotamkwa na watu kadhaa. Msikilizaji alichagua neno alilosikia, kisha akaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Walipiga hatua. Halafu mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa zaidi: waliofanyishwa mazoezi ya kusikiliza tu waliboreka hata katika kutamka, ingawa hakuna aliyewafundisha kutamka. Sikio lilipozinduka, ulimi ulifuata.

Angalieni viungo vya mafanikio yale. Ni kuchagua kati ya maneno mawili, kupata jibu papo hapo, na kusikia sauti za watu mbalimbali. Hakuna hata kimoja kinachohitaji maabara.

Darasani nafanya hivi. Naandika “ship” upande wa kushoto wa ubao na kuipa namba 1, “sheep” upande wa kulia namba 2. Wanafunzi wanafumba macho. Natamka neno moja, nao wananyoosha kidole kimoja au viwili. Macho yamefumbwa kwa sababu mbili: mwanafunzi asimchungulie jirani, na asione aibu ya kukosea peke yake. Nataja jibu hapo hapo, tunaendelea na lingine. Wakishazoea, nasema maneno matatu mfululizo, “ship, ship, sheep”, nao waniambie lipi ni mgeni. Baadaye naliingiza neno ndani ya sentensi, kwa kuwa nje ya darasa hakuna anayezungumza kwa neno moja moja. Mwishowe mwanafunzi anasimama mbele na kuwatamkia wenzake. Akikusudia 1 na darasa zima likanyoosha vidole viwili, amejua matokeo ya matamshi yake kutoka kwa wenzake, na mimi sikuhitaji kumwambia “umekosea”.

Dakika tano za zoezi hili katika kila kipindi zina faida kuliko kipindi kizima cha matamshi kinachokuja mara moja kwa mwezi. Na tusitegemee sauti ya mwalimu mmoja. Mwite mwenzako wa darasa la jirani aje atamke maneno kumi. Rekodi kwa simu sauti ya mwanamke, ya mwanamume, ya mtu mzima, ya kijana. Mwanafunzi aliyezoea sauti yako pekee amejifunza kukusikia wewe. Kiingereza cha wengine bado kitampiga chenga.

Sasa, tuchague vita vya kupigana. Muda wa darasa ni mdogo, na si kila kosa la matamshi lina uzito sawa. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha kwamba lafudhi na kueleweka ni mambo mawili tofauti: mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito ya kwao na bado akaeleweka neno kwa neno. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins, ambaye alichunguza mazungumzo ya watu wanaotumia Kiingereza na hakuna kati yao aliyezaliwa nacho, alipendekeza orodha fupi ya mambo yanayovunja maelewano. Humo mna urefu wa irabu, mna irabu ile ya “hurt” na “bird”, mna mafungu ya konsonanti mwanzoni mwa neno, mna kukazia neno lenye uzito katika sentensi. Sauti ya “th” haimo. Mtu akisema “tink” badala ya “think”, ni nadra mazungumzo kukwama.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona vipindi vizima vikiishia kwenye ncha ya ulimi kati ya meno. Tena kwa wazungumzaji wa Kiswahili ni kazi bure, kwani Kiswahili sanifu kinazo sauti hizo zote mbili. Mwanafunzi anayetamka sawasawa “thelathini” na “dhahabu” ana kila anachohitaji kwa “think” na “this”. Mwonyeshe hivyo, kisha mpeleke kwenye irabu, ambako ndiko anakoumia.

Mwisho wa maneno nao una shida yake. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na hata maneno ya kigeni tumeyavisha irabu yalipoingia, kama “koti” na “benki”. Mwanafunzi huufuata utaratibu huo bila kujua na kuongeza kairabu mwishoni mwa “book” na “bank”. Hapo ataeleweka mara nyingi. Tatizo linakuja pale konsonanti ya mwisho inapobeba sarufi. Wakati uliopita wa “walk” huishia kwa sauti ya “t”, wa “beg” kwa sauti ya “d”, na ni katika vitenzi kama “want” tu ndipo ile “-ed” inapokuwa silabi kamili. Mwanafunzi anayeisoma “-ed” kama ilivyoandikwa husema “walked” kwa silabi mbili. Tena, na hili ni baya zaidi, anaposikiliza huisubiri silabi hiyo, haiji, akahitimisha kwamba msemaji anazungumzia wakati uliopo. Walimu wengi huhesabu kosa hilo kuwa la sarufi. Lingeanza kurekebishwa kwenye usikilizaji, lingepungua.

Jozi kama “seat” na “seed” zina msaada uliojificha. Katika Kiingereza irabu hufupishwa inapofuatwa na konsonanti sighuna, yaani isiyotetemesha nyuzi za sauti kooni, kama “t”, na hurefuka mbele ya ghuna, yaani inayozitetemesha, kama “d”. Mwanafunzi asiyeweza kuinasa ile “d” ya mwisho, ambayo mara nyingi hufifia, anaweza kufundishwa kusikiliza urefu wa irabu iliyotangulia. Naona nyuso za wanafunzi zikichangamka wanapoligundua hili, maana ghafla wamepewa kitu cha kushika.

Haya yote yanaelekeza kwenye kanuni ninayoishikilia kwa nguvu: neno jipya lisikike kabla halijaandikwa. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, na Kiingereza cha Uingereza kina fonimu, yaani sauti zinazotofautisha maneno, zipatazo 44. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kutulia wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanahama, na yaliendelea kuhama kwa miaka mingi. Kwa hiyo maandishi yanahifadhi sauti ambazo hazitamkwi tena, kama ile “k” ya “knee”. Msomaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kwamba kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, huiamini herufi kuliko sikio lake. Ukiandika neno ubaoni kabla hajalisikia, herufi zimekwisha kushinda. Litamke mara tatu au nne, watamke nao, walipige kofi kwa silabi zake, ndipo ushike chaki.

Silabi zinanileta kwenye mkazo. Kwetu mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii. Kiingereza huuhamisha. “Photograph” hukaziwa mwanzoni, “photographer” silabi ya pili, “photographic” silabi ya tatu. Na silabi isiyokaziwa hupoteza irabu yake kamili, ikabaki na sauti hafifu ya katikati ya kinywa, ambayo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake yenyewe. Mwanafunzi wetu hufundishwa kila neno kwa irabu kamili. Anakutana na “He must have been there” katika mazungumzo ya kawaida. Anaisubiri “have” aliyoifahamu kwenye daftari, lakini inapita kama pumzi tu, na wakati bado anaitafuta, sentensi imekwisha. Kisha analalamika kwamba wazungumzaji wanakimbia. Mara nyingi hawakimbii.

Wala tusidhani wazawa wa Kiingereza hawakupatwa na hili. Neno “apron” zamani lilikuwa “napron”. Watu waliposikia “a napron” masikio yao yaliikata mahali pengine, “an apron”, na kosa likawa neno.

Hapa natofautiana na baadhi ya vitabu vya kiada. Vinamtaka mwanafunzi mdogo azitamke sauti hizi hafifu kama mzawa. Mimi nasema zifundishwe kwa ajili ya sikio. Akitamka “have” yake kwa ukamilifu ataeleweka vizuri tu. Lakini asipoweza kuitambua ikitamkwa na mwingine, hataelewa. Hayo ni malengo mawili tofauti na hayahitaji muda sawa.

Sasa somo la kusikiliza lenyewe. Lilivyo mara nyingi: rekodi inachezwa, wanafunzi wanajibu maswali kumi, tunasahihisha, tunafunga daftari. Hapo tumepima, hatujafundisha. Aliyepata manne kati ya kumi ameondoka vilevile alivyoingia. Napendelea rekodi ya dakika moja kuliko ya dakika kumi. Mara ya kwanza kalamu ziko chini, wasikilize tu na waniambie wanadhani kuna nini: nani anazungumza, amekasirika au amefurahi. Mara ya pili swali moja au mawili. Halafu ndiyo kazi inaanza: tunarudi kwenye sentensi moja ambayo wengi waliikosa. Naitoa kwa imla, kwa kasi yake ya kawaida. Kila mmoja anaandika alichosikia, hata kama hakina maana. Wanalinganisha wawili wawili. Naisema tena. Mwishowe naiandika ubaoni, tunatafuta mahali hasa sauti ilipopotea: ni “thirteen” iliyosikika “thirty” kwa sababu ya mkazo, au ni “can't” iliyopoteza “t” yake? Mwalimu anayekusanya makosa hayo kwa wiki mbili anajua afundishe nini wiki ya tatu.

Niseme neno kuhusu umri. Huu ni umri ambao sauti za wavulana zinavunjika na kila mtoto anaogopa kuchekwa. Kumsimamisha mmoja atamke peke yake mbele ya darasa kabla hajawa tayari ni ukatili mdogo, na unaweza kumfungia mdomo mwaka mzima. Waanze wote pamoja, kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili kwa kunong'ona. Na mwalimu asimwige mwanafunzi kwa kumkejeli, hata mara moja, hata kama darasa zima linacheka.

Mwenzetu mmoja ameuliza kabla hatujaanza kama mwalimu ambaye mwenyewe hana matamshi ya wazawa anaweza kufundisha haya. Anaweza. Anachohitaji ni kuzijua tofauti zenyewe, kuzitenganisha kila mara kwa uthabiti, na kutumia kamusi za mtandaoni zenye sauti pale anapotia shaka. Faida aliyo nayo ni kwamba anajua hasa wapi sikio la mwanafunzi wake linakwama, kwa kuwa lake lilikwama hapo hapo.

La mwisho ni upimaji wa mazungumzo. Acheni alama za “lafudhi nzuri”. Mpeni mwanafunzi mmoja picha rahisi, kwa mfano duara, miraba miwili na mistari mitatu, amweleze mwenzake aliyekaa naye kisogo kwa kisogo, naye aichore bila kuiona. Msikilizaji aruhusiwe kuuliza tena kwa Kiingereza pale asipopata. Kisha linganisheni picha mbili hizo. Msemaji apewe alama kwa vilivyochorwa sawasawa, msikilizaji naye apewe alama kwa maswali aliyouliza, na wabadilishane nafasi kwa picha mpya.