Kilichobaki Black Mountain ni zoezi

Ndugu walimu na wachoraji, ya Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, kubanwa na Wanazi hadi ikafungwa 1933 mnayajua. Mwaka huohuo Josef Albers, aliyekuwa mwalimu hapo, na mkewe Anni, mfumaji, wakavuka bahari kwenda kufundisha Black Mountain College, chuo kilichokuwa ndiyo kwanza kinafunguliwa North Carolina, Marekani. Kikafa 1957. Ukiuliza urithi wake, watu wanakutajia majina ya wasanii waliosoma pale: Rauschenberg, Twombly, Ruth Asawa. Nasema tena, hata kama mmenichoka: kazi za hao watatu hazifanani. Kinachorithiwa ni zoezi.

Lenyewe hili, la rangi, alilofundisha Josef Albers. Chukua manila mbili, moja njano iliyokolea, nyingine bluu nzito, kila moja sentimita 20 kwa 20. Tafuta karatasi ya kijani iliyofifia, kata vipande viwili vya sentimita 3, weka kimoja katikati ya kila manila. Cha kwenye njano kitaingia giza na kuelekea bluu; cha kwenye bluu kitang'aa na kuelekea njano. Darasa litakubishia kwamba ni rangi mbili. Basi laza utepe wa karatasi ileile juu ya vyote viwili, wanyamaze.

Wengi wanaharibu kwa kukata vipande vikubwa, manila ya chini ikakosa nguvu. Au gundi inazidi, karatasi inajikunja, kivuli kinaleta rangi ya tatu. Karatasi ya kung'aa usiiguse kabisa. Na zoezi likigoma, badilisha kijani, siyo manila: unatafuta rangi iliyo katikati ya hizo mbili.

Kwa nini tusitumie rangi za maji? Kwa sababu utachanganya leo, kesho huipati tena. Karatasi haibadiliki, unajaribu kumi, unatupa tisa.

Najua mtu yupo anasema Mwanza hatuna vifaa. Jamani! Anni Albers na mwanafunzi wake Alex Reed walitengeneza mikufu kwa chujio la sinki, vibanio vya karatasi na washa za bolti. Duka la vifaa vya ujenzi liko wapi ambapo havipo? Vifaa tunavyo. Ila sisi tunabandika ubaoni picha ya Jiwe la Bismarck na machweo yake, darasa zima linainakili, tunaita somo la sanaa.

Asawa alijifunza kusuka waya kwa mafundi wa vikapu wa Toluca, Mexico, 1947. Hilo lilistahili saa nzima. Onyesho la mwanamuziki John Cage la 1952, kwenye ukumbi wa chakula wa chuo, nalo naliruka, naona naonyeshwa saa. Manila ziko mezani. Chukueni mbilimbili, na wembe msigombanie.