Kiti cha Hakimu: Maneno Machache Baada ya Kutazama "A Separation"

Ndugu zangu, taa zimewashwa na naona wengine bado mmekunja uso. Sitawachosha.

Mwongozaji Asghar Farhadi anaifungua filamu hii ya mwaka 2011 kwa mke na mume, Simin na Nader, wameketi wakitutazama sisi. Mke anataka waondoke Iran kabla viza haijaisha; mume hamwachi baba yake aliyepotewa na kumbukumbu. Hakimu tunamsikia tu, sura yake hatuioni, maana kamera imekaa kitini pake. Hata giza la ukumbi hatujalizoea, tumeshakabidhiwa kesi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza huuliza mapema: steringi nani, adui nani? Hapa swali hilo halina pa kushika. Mtazameni Razieh, mama mjamzito aliyeajiriwa kumwangalia mzee. Mzee amejikojolea. Razieh hamgusi kwanza; anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Na bintiye mdogo, kwa sauti ya chini, anamwahidi kwamba hatamwambia baba. Ukumbini kulikuwa kimya, na sidhani kama kuna aliyehitaji kueleweshwa. Vivyo hivyo mwishoni, anapotakiwa kushika msahafu aape kwamba Nader, alipomsukuma mlangoni, ndiye aliyeiharibu mimba yake. Fedha za fidia ziko mezani, wadai wa mumewe wamekaa wanasubiri, naye hawezi kuapa. Ana shaka, na haramu anaogopa itamrudia mtoto.

Lakini nina ugomvi na Farhadi. Mzee anapotoroka hadi barabarani na Razieh kumfuata kati ya magari, picha inakatwa. Baadaye sana ndipo tunajua kwamba Razieh aligongwa na gari. Yaani mtengenezaji anatuketisha kwenye kiti cha hakimu, kisha anaficha ushahidi mfukoni mwake! Nader akificha kwamba alijua Razieh ana mimba, tunamwita mwongo. Nimeitazama mara tatu, na kila mara mkato huo unanikera, ingawa nakiri kwamba bila huo filamu ingekwisha katikati.

Termeh, binti wa Simin na Nader, anabaki na hakimu amchague mzazi mmoja. Wazazi wanangoja kwenye ukumbi wa nje, kioo kati yao, majina ya waigizaji yanaanza kupita. Nimemsikia dada mmoja pale nyuma akinong'ona, "Kwa mama." Naomba yeye ndiye atufungulie maswali.