Umbali wa Kiti: Sinema na Televisheni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Mkanda huu nilioushika ni wa milimita 35. Ukiuinua kwenye taa utaona picha zimefuatana, kila moja imetulia. Projekta ya mkanda hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kila inapobadilisha picha, kipande cha bati kinachozunguka huziba mwanga. Kwa hiyo enzi za mkanda, ndani ya ukumbi wa sinema tulikaa gizani muda mrefu kuliko tulivyodhani. Televisheni za zamani hazikuwa hivyo: kioo chenyewe ndicho kilichowaka, kikichora picha mstari kwa mstari.

Hiyo ni mitambo tu. Kwangu mimi tofauti iko kwenye kiti: mtazamaji amekaa wapi, na amekaaje.

Televisheni ilipoingia majumbani Marekani, watu wakapungua kumbini. Hollywood ikajibu kwa kupanua skrini: mwaka 1953 ikaja CinemaScope, upana zaidi ya mara mbili ya kimo. Filamu hizo ziliporushwa baadaye kwenye runinga zile za karibu mraba, mara nyingi zilikatwa pembeni, na zaidi ya asilimia 40 ya picha ikapotea. Fikirieni mume na mke waliogombana, huyu kasimama kushoto kabisa, yule kulia, katikati sebule tupu. Kwenye runinga anabaki mmoja akisema na hewa. Ule utupu ndio uliokuwa habari yenyewe!

Televisheni nayo ina nguvu zake, tusiidharau. Inakaa na uso wa mwigizaji, kwa karibu. Tena inasikilizwa: mama yuko jikoni anachambua mchele, anaifuata tamthilia kwa masikio, akisikia kilio anakimbilia sebuleni na ungo mkononi. Mwandishi wa tamthilia anamjua mama huyo, ndiyo maana mambo mazito huyaweka kwenye maneno. Wa sinema anaweza kunyamaza dakika nzima, kwa sababu mtazamaji wake hana pa kwenda.

Sasa, kibanda umiza, lile banda la mtaani la kuonyeshea video, tukiweke wapi? Nilipokuwa mdogo nililipia kuingia kimoja Dar es Salaam: runinga ndogo, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, DJ anatafsiri juu ya sauti za waigizaji. Kioo kilikuwa cha televisheni, lakini tulikaa kisinema, bega kwa bega, gizani. Siku moja umeme ulikatika jambazi wa kwenye filamu akiwa mlangoni. Hakuna aliyenyanyuka. DJ akaendelea kusimulia.