Kutoka kwa mfalme wa Uajemi hadi hundi ya benki: maana za neno "check"

Wafasiri na walimu wenzangu, hamjambo.

Naomba tuanze na kazi. Hizi hapa sentensi nne za Kiingereza: "She checked the brakes", "The enemy's advance was checked", "He paid by check", "Check the box". Ya kwanza, alikagua breki. Ya pili, adui alizuiwa asisonge mbele. Ya tatu, alilipa kwa hundi. Ya nne ndiyo inayotia watu aibu kila siku: fomu nyingi zilizofasiriwa zimeandikwa "angalia kisanduku", na mjazaji anakiangalia kweli, hakijazi. Ilitakiwa "weka alama ya vema".

Kamusi kubwa zinalipatia neno hili maana kwa makumi, na wanafunzi huzikariri kama orodha ya miji mikuu. Hakuna haja. Karibu zote zimetoka kwenye mchezo mmoja, sataranji, na ukijua zilivyoachana njia utajua pia pa kuzifasiri.

Mchezo huo ulitoka India kwa jina la chaturanga, yaani vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang, Waarabu shatranj, na sisi sataranji. Mchezaji wa Uajemi alipomtishia mfalme wa mwenzake alimtahadharisha kwa kutaja "shah", mfalme. Shaha huyo tunaye hata sisi; washairi wanapomwita mwenzao "shaha wa malenga" wanamvika taji lilelile. Neno likapita kwa Waarabu, likaingia Kilatini cha zama za kati na Kifaransa cha kale kwa sura ya eschec, na kufika kwa Waingereza likiwa "check".

Hapa kuna mtego kwa sisi tuliozoea mauti na maiti. "Checkmate" ni shah mat, nasi hurukia kusema "mfalme amekufa". Lakini katika sataranji mfalme hauawi wala haondolewi ubaoni. Mchezo unakoma akiwa bado amesimama. Kiajemi kina mat yake, maana yake aliyeduwaa, asiye na la kufanya. Naelemea huko, maana ndivyo hali ya mfalme ilivyo ubaoni.

Sasa, kutoka kutishia mfalme hadi kukagua breki tulifikaje? Mfalme wako akishatishiwa, mpango wako wote unasimama. Ulitaka kusogeza farasi? Huruhusiwi mpaka umwokoe mfalme kwanza. Ndiyo maana tangu karne ya 14 Waingereza walilitumia kwa kusimamishwa ghafla, kisha kwa kuzuia na kudhibiti. Kukagua kulikuja nyuma sana, mwishoni mwa karne ya 17, na kulizaliwa ndani ya kudhibiti: karani anayelinganisha daftari moja na lingine anamzuia mwenzake asiibe. Kifaransa kilishika njia nyingine, échec ikawa kushindwa. Wajerumani wakabaki na Schach, mchezo wenyewe.

Nataka tukae kidogo kwenye tawi la pili, la ubao badala ya mfalme, maana ndilo lenye utamu. Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha kale uliitwa eschequier, na jina hilo likapewa meza. Katika karne ya 12 hazina ya wafalme wa Uingereza ilifanya hesabu juu ya meza iliyoelezwa na Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry II: urefu kama futi 10, upana futi 5, na ukingo wa kimo cha vidole vinne kuzunguka pande zote ili kitu kisidondoke. Juu yake kulitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Kutoka kulia kwenda kushoto safu zilikuwa peni, shilingi, pauni, ishirini-ishirini za pauni, mamia, maelfu, na makumi ya maelfu.

Ofisa wa mfalme aliyekusanya mapato ya jimbo alikuja kutoa hesabu. Tuseme anadaiwa pauni 127 na shilingi 6. Mhesabu aliweka kete moja safu ya mamia, moja safu ya ishirini, saba za pauni, sita za shilingi. Chini yake akapanga alicholeta, kisha akatoa. Kwa nini wasiandike tu? Kwa sababu tarakimu zao zilikuwa za Kirumi, na CXXVII haipangiki kwa safu wala haitoleki kirahisi. Mezani hata asiyejua kusoma aliona deni lake kwa macho. Lakini kete moja ya shilingi ikiteleza kwenda safu ya pauni, thamani ya kete hiyo imezidishwa mara 20. Hivyo kulikuwa na macho mengi kuizunguka meza ile. FitzNeal mwenyewe anaifananisha shughuli hiyo na vita vya sataranji kati ya mweka hazina na ofisa. Meza ikaipa ofisi jina, Exchequer. Ile "ex" mwanzoni ni kosa la waandishi waliodhani neno ni la Kilatini.

Aliyelipa alipewa kijiti chenye pengo: upana wa kiganja kwa pauni 1,000, wa kidole gumba kwa 100, wa kidole cha mwisho kwa 20, punje ya shayiri kwa pauni moja. Kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu. Ukibandika nusu mbili na mapengo yasilingane, kuna mtu amechonga. Vijiti hivyo viliachwa mwaka 1826, na tarehe 16 Oktoba 1834 vilipokuwa vikichomwa kwenye majiko, moto ukaliteketeza Bunge lenyewe.

Hundi ina mantiki hiyohiyo. Karne ya 18 jina "check" lilipewa nakala au kipande kinachobaki cha kulinganishia ili kuzuia kughushi, kisha jina likahamia karatasi nzima. Waingereza wakaiandika "cheque" kwa kuiga Exchequer, Wamarekani hawakujisumbua. Nguo ya mirabamiraba nayo ni ya ubao uleule.

Turudi kazini. Ukikutana na neno hili, jiulize kwanza: je, kuna kitu kinachosonga kinachosimamishwa? Kama kipo, tumia zuia au dhibiti. "Unchecked power" si mamlaka yasiyokaguliwa, bali yasiyodhibitiwa. "Checks and balances" ni mihimili ya dola kudhibitiana. Nimeona "hundi na mizani" imechapishwa bila haya. Kukiwa na kulinganisha, tumia kagua au hakiki. Na mwandishi akiwa Mmarekani, "check" ya mkahawani ni bili tu. Mhusika wa riwaya yako anayeomba "hundi" baada ya kula atamshangaza mhudumu.