Mnawaacha Mabaharia: Mazu na Mahekalu ya Pwani ya China

Nimelisema hili mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado halijaingia. Kila anayesimulia mahekalu ya Kitao, yaani ya Utao, dini ya kale ya China, hukimbilia milimani: mlima Wudang, mawingu, wazee wa ndevu nyeupe wasiokufa. Sawa, Wudang ni pazuri. Lakini mnawaacha mabaharia! Mnamwacha Mazu, mungu wa kike wa bahari, ambaye mahekalu yake yamejaa Fujian, Guangdong na Taiwan, na kuvuka hadi Malaka na Singapore, kila bandari Wachina walikotia nanga.

Sikilizeni kisa chenyewe, maana kila kikisimuliwa hukatwa. Lin Mo, msichana ambaye baadaye aliitwa Mazu, kwa mapokeo alizaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, Fujian, kwa watu wa bahari. Siku moja alikuwa kwenye kitanda cha mfumi, baba na kaka zake wako baharini, tufani ikavuma. Akashikwa na usingizi usio wa kawaida, kichwa kikaangukia nyuzi, roho ikatoka kuwafuata. Wawili akawashika kwa mikono, wa tatu akamshika kwa meno. Mama akaingia, akamkuta mwanawe amelala kama maiti, akamwita kwa hofu. Sasa binti mwenye adabu akiitwa na mamaye atafanyaje? Ataitika. Akafungua kinywa aitike, na yule wa menoni akachukuliwa na maji. Wengine husema alikuwa baba, wengine kaka mkubwa. Walionusurika walirudi wakisimulia habari za msichana juu ya mawimbi.

Niambieni, nani hutunga mungu asiyeweza kuokoa wote? Mshairi wa ikulu asingethubutu. Kisa hiki ni cha watu waliozoea kusimama ufukweni kuhesabu vyombo vinavyorudi, na hesabu isitimie. Ndiyo maana yule aliyezama hawakumfuta, na ndiyo maana nawaomba msimfute ninyi.

Najua yupo anayetaka kuuliza kama Lin Mo aliishi kweli. Swali hilo linatupotezea muda. Inasemwa alifariki mwaka 987, hajaolewa, na watu wa kisiwani wakamjengea hekalu. Yaliyofuata yameandikwa. Mwaka 1123 ujumbe wa mfalme uliokwenda Korea ulikumbwa na tufani. Merikebu ya balozi Lu Yundi ikapona, shukrani zikaenda kwa binti wa Meizhou, na Mfalme Huizong akalipa hekalu lake ubao wa jina rasmi. Kisha nasaba baada ya nasaba zikampandisha cheo. Wayuan, nasaba ya Wamongolia, waliotegemea nafaka iliyosafirishwa kwa bahari kwenda kaskazini, walimwita Mke wa Mbingu.

“Lakini huyo ni mungu wa wavuvi, Utao unamhusu nini?” Basi tazameni mkusanyo wa vitabu vya Kitao uliokamilishwa mwaka 1445, enzi ya Ming. Humo mna kitabu kizima ambamo Laojun, yaani Laozi, mwenye hekima anayehesabiwa mwanzilishi wa Utao, aliyefanywa mungu, anawaona mabaharia wakiangamia na kumtuma binti wa nyota azaliwe duniani awaokoe. Makuhani waliikuta imani imeshakomaa bandarini, wakaitafutia asili mbinguni.

Na hapa pwani yetu inaingia. Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya Ming, mzaliwa wa ukoo wa Kiislamu wa Yunnan, alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, mwaka 1431, kabla ya safari yake ya mwisho, kumshukuru Mke wa Mbingu. Jiwe linasema kwamba katika tufani ulionekana mwanga wa kimungu mlingotini, hatari ikatulia. Jiwe hilohilo linaitaja Mogadishu, iliyotoa punda milia na simba, na Barawa, iliyotoa ngamia na mbuni. Barawa, ndugu zangu! Mji wenye Kiswahili chake umo katika maandishi ya shukrani kwa binti wa Meizhou, halafu mtu ananiambia mahekalu haya hayatuhusu.

Muda umekwisha. Wale walinzi wawili wa Mazu, mwenye jicho la maili elfu na mwenye sikio la kufuata upepo, walikuwa mapepo aliyoyashinda, nawapita tu. Hekalu la Meizhou lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, wenyeji wakalijenga upya, na mwaka 2009 UNESCO ikaiingiza imani ya Mazu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Maandamano ya Dajia, Taiwan, ambako waumini humsindikiza kwa miguu siku tisa, yanahitaji mhadhara wake.