Bata mzinga wa porini Missouri: kumwinda, na kumpiga picha ya heshima

Karibuni watazamaji. Tuko kusini mwa Missouri, Marekani, kwenye vilima vya Ozark. Ni mwezi wa nne, mialoni ndiyo kwanza inachipua. Leo tunaangalia namna ya kumwinda bata mzinga wa porini, na namna ya kumpiga picha akishapatikana. Kwenye picha ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu wawindaji wengi hujifunza kulenga, wasijifunze kupiga picha. Ndege mwenye manyoya yanayong'aa kijani na shaba anaishia kuonekana akining'inia shingo nyuma ya gari, damu inachuruzika. Mimi naamini ukishautoa uhai wa ndege huyu, una deni kwake la picha inayomwonyesha alivyokuwa.

Kwanza, kibali. Unakinunua kutoka Idara ya Uhifadhi ya Missouri. Ikiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye na umefikisha miaka 16, lazima uwe umepita mafunzo ya uwindaji, isipokuwa sheria ikusamehe. Kwa ndugu zetu mlio hapa kwa viza ya muda, sheria ya silaha kwenu ina masharti yake. Ulizeni kabla hamjaigusa bunduki. Na msione masharti haya kuwa usumbufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndege hawa walikuwa karibu kwisha katika jimbo hili. Walinusurika kwa kukamatwa wakiwa hai na kuhamishiwa misitu mingine, na msimu wa kwanza wa masika baada ya kazi hiyo ulifunguliwa mwaka 1960.

Msimu wa masika unaruhusiwa kumpiga dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana. Ndevu zenyewe ni huu mshungi mweusi unaoning'inia kifuani, kama mnavyouona hapa. Wa dume mkubwa hufika sentimita 20 na zaidi. Mkiangalia mkia ukiwa umekunjuliwa, dume mchanga manyoya yake ya katikati ni marefu kuliko ya pembeni. Dume mzima mkia wake ni duara moja safi.

Mavazi. Bata mzinga hanusi vizuri, lakini macho yake ni makali mno na anaona rangi, kwa hiyo jifunike mpaka uso na mikono kwa nguo za rangi ya msitu. Nyekundu, nyeupe na buluu usivae kabisa, hata soksi, hata fulana ya ndani. Hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenzako akiziona zikicheza nyuma ya kichaka anaweza kukulenga wewe.

Ingia msituni kukiwa bado giza. Ndege hawa hulala juu ya miti na hushuka kunapopambazuka. Iga mlio wa bundi, na mara nyingi dume atajibu kutoka huko aliko. Usimfuate. Tafuta mti mpana kuliko mabega yako, ukae chini, mgongo uuegemeze hapo. Unakukinga na mtu anayekuja kwa nyuma. Sasa chukua kisanduku cha mbao cha kuitia, usugue kifuniko taratibu, utoe sauti ya jike. Ukishajibiwa, nyamaza. Kosa kubwa hapa ni kuita mfululizo. Kwa kawaida jike ndiye humwendea dume, na wewe unataka kuigeuza desturi hiyo, kwa hiyo mwache dume apate hamu ya kutafuta. Mwindaji mwingine akitokea, usipunge mkono. Sema kwa sauti kubwa, "Kuna mtu hapa!" na ubaki umetulia.

Bunduki ni ya marisau, na sheria ya hapa hairuhusu marisau makubwa kuliko namba 4. Subiri dume afike ndani ya mita 35, shingo ikiwa imenyooka, ulenge pale shingo inapoanza kuota manyoya. Akiwa amejivimbisha na kuirudisha shingo ndani, usipige. Toa mlio mmoja mfupi, atainua kichwa. Na uangalie kuna nini nyuma yake. Ikiwa wewe ni Muislamu, taja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na ukimkuta bado yu hai mchinje mara moja.

Ameanguka. Toa risasi zote kwenye bunduki, acha chumba cha risasi wazi, ilaze pembeni. Halafu weka alama ya mwezi na siku kwenye kibali chako hapo hapo, kabla ya kumsogeza ndege na kabla ya kugusa kamera.

Sasa picha, na hapa dakika zina thamani. Rangi za kichwani hutegemea damu iliyomo kwenye ngozi. Moyo ukisimama zinaanza kufifia, buluu inapauka, wekundu unakuwa kijivu. Kwa hiyo vifaa viwe tayari begini tangu asubuhi: vitambaa vyenye unyevu, pamba, na kijiti kifupi.

Futa damu mdomoni na puani. Urudishe ulimi ndani, uweke pamba kidogo kooni isichuruzike tena, ufunge mdomo. Laza manyoya kwa kiganja, kuanzia shingoni kuelekea mkiani, usiyapinge. Upande ulioingia marisau uelekeze chini.

Mahali usiende mbali, ila ukiepuke kivuli cha madoadoa, hiki hapa, mwanga unaopenya kwenye matawi. Kinampaka ndege mabaka ambayo hakuna programu itakayoyaondoa. Tafuta kivuli kamili, au jua la asubuhi linalopiga kwa ubavuni. Mlaze kifudifudi, miguu ikunjwe chini yake, kifua kielekee kamera. Kunjua mkia, uushikilie kwa kile kijiti nyuma. Sasa zunguka polepole uangalie kifua. Mnaona? Hapa ni mweusi tu. Hatua mbili kushoto, kijani. Hatua moja tena, shaba na zambarau. Rangi hii haimo kwenye manyoya kama wino. Ni umbile la unyoya linavyourudisha mwanga, ndiyo maana inabadilika ukisogea. Simama pale inapowaka, na hapo ndipo pa kupigia.

Lala chini kabisa, lenzi ilingane na jicho la ndege. Ukipiga kutoka juu ukiwa umesimama, unapata rundo la manyoya. Ikiwa unatumia simu, rudi nyuma hatua kadhaa, kisha ukuze picha mara mbili kwa zumu. Ukimkaribia sana, kichwa kinakuwa kikubwa na mwili unapotoka. Gusa skrini pale kwenye kifua, kisha shusha mwanga kidogo. Manyoya meusi huidanganya kamera, ikaongeza mwanga mpaka ncha za mkia zinapauka.

Ukitaka kuwemo, piga goti nyuma yake, uvue kitambaa cha uso na kuinua kofia tukuone macho. Usimnyooshee ndege mbele ya kamera kwa mikono ili aonekane mkubwa. Anayejua ataona, na ndege mwenyewe hahitaji kuongezewa. Maganda ya risasi na chupa viondolewe. Piga pia za karibu: ndevu, na miba ya miguuni iliyo kama ya jogoo. Ikiwa mirefu na imepinda, huyo ni mzee. Iliyo butu ni ya kijana.

Dakika kumi zinatosha, kwa sababu kuna joto na nyama ni chakula cha watu. Kabla ya kutuma picha, zima taarifa ya mahali kwenye simu, na ile yenye damu usiitume kwenye kundi la familia; wapo shangazi na watoto humo.

Mfunge ndege kwa kitambaa cha rangi ya chungwa kabla ya kumbeba, asije mtu akaona mkia unapita msituni. Ukifika penye mtandao wa simu, toa taarifa kwa Telecheck, mfumo wa Idara ya Uhifadhi wa kuripoti mawindo, kabla ya kumnyonyoa wala kumkata, na kwa vyovyote kabla ya saa nne usiku wa siku hiyo hiyo. Utapewa namba ya uthibitisho. Iandike kwenye kibali, ndipo uchemshe maji.