Mshahara unatosha mpaka uone slipu ya mwenzako

Haya jamani tuanze, nyie mliokaa karibu na mlango najua mnataka kutoroka mapema, sawa tu. Leo naongelea mshahara, ila sio ukubwa wake, naongelea kile kinachotokea siku unapojua mwenzako analipwa ngapi.

Nianze na langu. Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, siku moja nikaenda kuchukua makaratasi yangu kwenye printa nikakuta slipu ya mshahara ya jamaa tulioanza naye wiki moja, kazi ileile, meza zimepakana. Kanizidi. Sio sana kivile, lakini asubuhi mshahara ulikuwa unanitosha na mchana haunitoshi tena, na hakuna hata senti iliyopungua. Sikusema kitu, nikarudi mezani nikafungua sivii yangu nianze kuirekebisha.

Nikadhani ni kijicho changu tu, kumbe watu walishalifanyia utafiti. David Card, yule aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2021, na wenzake watatu walienda kwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, Marekani. Kule mishahara ya watumishi wa umma iko wazi, na 2008 gazeti moja likaiweka kwenye tovuti, unaandika jina la mtu, unaona anachopata. Wao walichofanya ni kuchagua baadhi ya wafanyakazi kwa bahati nasibu na kuwatumia imeili ya kuwaambia kwamba hiyo tovuti ipo, basi. Siku chache baadae wakawauliza wote: kazi unaionaje, mshahara je, una mpango wa kuhama? Waliokuwa nusu ya chini ya mishahara ya idara yao, ambao walipata imeili, kuridhika kukashuka na wengi zaidi wakasema wanatafuta kwingine. Waliokuwa juu je? Hawakufurahi hata kidogo zaidi! Yaani aliyezidiwa anaumia, aliyezidi anaona ndio haki yake.

Na sio binadamu tu. 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal waliwalipa tumbili vipande vya tango, wakawa wanakula vizuri tu, mpaka walipoona jirani anapewa zabibu, hapo kukawa na migomo. Mimi sikugomea tango langu kwa sababu nilikuwa na kodi ya kulipa.

Sasa najua watu wa HR, yaani rasilimali watu, mliopo hapa mnasema moyoni, si ndio maana tunaficha? Ngojeni kwanza. Ukificha watu hawaachi kulinganisha, wanakisia, na wanakisia vibaya. Zoë Cullen na Ricardo Perez-Truglia walilipima hilo kwenye benki moja kubwa ya Asia, matokeo yakachapishwa 2022. Mtu akigundua bosi anapata zaidi ya alivyodhani, anachapa kazi zaidi, labda anajiona na yeye akifika pale, lakini akigundua wa ngazi yake ndio anapata zaidi, analegea. Kwa hiyo gari la mkurugenzi sio tatizo lenu kubwa, tatizo ni meza ya pembeni.

Uwazi nao una gharama, nisiwadanganye. Denmark walipitisha sheria 2006, kampuni za watu 35 na kuendelea zitoe takwimu za mishahara ya wanaume na wanawake, pengo likapungua kweli, ila zaidi ni kwa sababu kasi ya kuwapandishia wanaume mshahara ilipunguzwa.

Kuna mtu kaniuliza pale nje, aanzie wapi kuziweka sawa tofauti za mishahara ofisini kwake. Anza na watu wa ngazi moja. Wapange kwa kazi, sio kwa majina, halafu kila pengo ujiulize kama unaweza kulieleza mbele ya yule anayelipwa kidogo bila kuangalia chini. Ukisema ni uzoefu, inaeleweka, ukisema ni zamu za usiku, inaeleweka. Mimi nilipouliza, siku naaga, niliambiwa mwenzangu alijua kubageini kwenye usaili.